Oman ina bunge, ina urafiki na Iran, ina urafiki na Marekani: mdogo wangu aende au asiende?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Tanga. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, kapata mkataba wa miaka miwili kwenye kampuni moja huko Sohar, Oman. Sasa baraza zima limegawanyika. Mjomba anasema Oman siku hizi ina bunge na uchaguzi, kwa hiyo imeshakuwa demokrasia na haki za watu zipo. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi Dubai anasema hiyo yote ni danganya toto, Sultani akisema kitu kimeisha, tena Oman ni kibaraka wa Iran na siku Iran na Marekani wakizichapa yenyewe ndio itaungua kwanza. Bibi naye anasema babu mzaa mama alikuwa Mmanga wa Ibra, kwa hiyo dogo akifika tu apeleke jina la babu apewe uraia. Nani yuko sahihi? Naomba unijibu bila kuzunguka."

Marahaba mwanangu. Umesema bila kuzunguka ila umenipa maswali matatu kwenye kapu moja, kwa hiyo nivumilie nikiyatoa moja moja. Mapema kabisa nikwambie hapo barazani kwenu kila mtu kashika kipande cha ukweli, isipokuwa bibi, ambaye kwenye hilo la uraia kateleza, tutafika.

Naona kinachokusumbua hasa siyo siasa. Unataka kujua dogo akipata tatizo kuna wa kumsikiliza, na Ghuba ikichafuka atatoka salama. Sawa, ila hayo hayajibiki bila kujua ile nchi inaendeshwaje, maana inaendeshwa kwa staili yake, siyo Dubai, siyo Saudia, wala siyo Kuwait. Jirani aliyekaa Dubai anajua Dubai.

Tuanze na bunge la mjomba. Lipo, linaitwa Majlis al-Shura, limeanza 1991, na tangu 2003 Mwomani yeyote aliyefika miaka 21 anapiga kura, mwanamke na mwanaume. Uchaguzi wa Oktoba 2023 watu walipiga kura kwa simu, yani mtu kakaa sebuleni na kahawa yake na haluwa, anaskani kitambulisho, anaskani uso, anachagua jina, kamaliza, hamna foleni hamna wino kidoleni. Wakapatikana wajumbe 90. Wanawake waligombea, aliyepita hakuna hata mmoja. Hapo utaona kwamba kupiga kura kwa simu ni jambo moja na nani anapigiwa kura ni jambo lingine kabisa, kwa sababu vyama vya siasa haviruhusiwi, mtu anagombea kwa jina lake, na tukisema kweli kwa jina la kabila lake pia.

Sasa hiyo Shura inafanya nini? Inajadili miswada, inapendekeza marekebisho, inaweza kumwita waziri wa huduma za wananchi akajieleze. Ulinzi, usalama wa ndani, mambo ya nje, huko haifiki. Pembeni yake kuna Baraza la Dola, hilo wajumbe wote wanateuliwa na Sultani. Na mwisho wa safari karatasi inatua mezani kwa Sultani, ambaye ndiye mkuu wa nchi, ndiye waziri mkuu, ndiye amiri jeshi, na sheria inatoka kwa amri yake. Kwa hiyo mwambie mjomba bunge lipo na lina meno, ila ya maziwa.

Jirani anayesema ni danganya toto naye namkatalia. Mabadiliko ya Oman siyo rangi ya kupaka watalii. Yanakuja kweli, ila yanashuka kutoka juu, na ukizipanga tarehe utaona karibu kila moja limekuja baada ya nchi kushtuka.

Julai 23, 1970, Qaboos alimpindua baba yake mzazi, Said bin Taimur, kwenye kasri la Salalah, Waingereza wakiwa nyuma yake. Nchi aliyoikuta inasimuliwa mpaka leo: lami kama kilomita 10, shule tatu. Nilipokuwa naishi Muscat tulikuwa na kijiwe chetu cha mishkaki pale Seeb, na mzee mmoja wa Mutrah aliyeoa kwa Wazanzibari alikuwa akitusimulia kwa Kiswahili kizuri kabisa jinsi lango la Muscat lilivyokuwa linafungwa usiku, na ukitembea baada ya hapo lazima ushike fanusi mkononi uonekane uso, hata kama umetumwa na mama mkate nyumba ya tatu. Alikuwa anainua chupa yake ya maji juu hivi, kutuonyesha fanusi inavyoshikwa. Sasa mtoto aliyeshika fanusi ndio huyo huyo aliyempigia kura mjumbe wake kwa simu. Hiyo siyo danganya toto.

Ila Qaboos hakujenga kwa huruma tu. Kusini kwake, Dhofar, kulikuwa na vita tangu 1965, waasi wanasaidiwa na Yemen ya Kusini na nchi za kikomunisti. Akapigana nao, lakini na mlango akaufungua: anayejisalimisha anasamehewa, anapewa pesa, anapewa kazi. Yusuf bin Alawi, aliyekuja kuwa sura ya diplomasia ya Oman kwa zaidi ya miaka 20 mpaka 2020, zamani alikuwa upande wa hizo harakati za Dhofar. Unaona? Na wakati huo huo akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi, wakiwemo wale wa Unguja na Pemba waliosukumwa na Mapinduzi ya 1964, watu waliosoma, wakajaza ofisi zilizokuwa hazina wa kukaa. Ndio maana dogo akifika Muscat asishangae kusikia mtu kwenye kaunta ya benki anamwambia mwenzake "ngoja kwanza".

Halafu 1995 ikatokea ajali ya gari karibu na Salalah, Sultani alikuwemo, naibu waziri mkuu wake Qais al-Zawawi akafa. Sultani hana mtoto, hana mrithi aliyetajwa. Mwaka uliofuata, 1996, nchi ikapata kwa mara ya kwanza Sheria ya Msingi, kitu kama katiba, ndani yake na utaratibu wa kurithi kiti: ukoo ukae siku tatu uchague, ukishindwa ifunguliwe barua aliyoiacha Sultani.

Mwaka 2011, lile joto la Tunisia na Misri, kitovu chake Oman kilikuwa wapi? Sohar, huko huko anakokwenda dogo. Vijana walikaa kwenye kipleft cha Tufe wakidai kazi na wakubwa wanaokula rushwa watolewe, mtu akafa. Serikali ilifanya yote mawili kwa pamoja, ilikamata watu na ikatoa: ahadi ya ajira 50,000, posho ya riali 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi, mawaziri wakapanguliwa, na Oktoba mwaka ule Shura ikaongezewa nguvu kidogo ya kutunga sheria.

Januari 10, 2020 Qaboos kafariki. Ukoo hata hizo siku tatu haukuzitumia, ukasema fungueni barua, bahasha ikafunguliwa na ulimwengu ukaona kwenye televisheni, jina ndani ni Haitham bin Tariq, binamu yake, waziri wa urithi na utamaduni. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2021, Haitham akatoa Sheria ya Msingi mpya yenye kitu ambacho Qaboos hakuwahi kukubali, mrithi anayejulikana, mtoto wake mkubwa Theyazin. Wengine wakasema hapo ufalme umejifunga zaidi, wengine wakasema afadhali kuliko bahasha. Mimi niko na hawa wa pili, nchi kukesha inasubiri bahasha siyo jambo la kujivunia. Na vyeo alivyokuwa kavijaza Qaboos mfukoni, waziri wa nje, waziri wa fedha, Haitham kavigawa kwa watu wengine, hilo nalo wengi hawalitaji.

Kilichomshtua yeye ni deni. Mafuta yalishuka bei, korona ikaingia, deni la taifa likafika karibu asilimia 70 ya pato la nchi. Ndio ikaja VAT ya asilimia 5 Aprili 2021, mwezi uliofuata vijana wakatoka tena barabarani, tena Sohar, na tena ikatolewa ahadi ya ajira haraka haraka. Tangu hapo deni limeshuka mpaka kama nusu ya hapo. Mwaka 2025 wakapitisha kodi ya mapato ya asilimia 5 itakayoanza 2028, ya kwanza ya aina hiyo kwenye Ghuba, ila ni kwa anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, yani riali 3,500 kwa mwezi. Dogo wako kwa kuchomelea vyuma asiipotezee usingizi.

Sasa shika hapa, maana ndipo siasa ya ndani na ya nje zinapokutana. Mwomani anapokuwa na adui tabia yake siyo kumfungia mlango, ni kumvuta ndani amkalishe wazungumze taratibu, tena bila mashahidi. Kelele ndio hazitaki. Mwaka 2016 gazeti la Azamn liliandika mambo ya rushwa kwenye mahakama, likafungwa, wahariri wakawekwa ndani. Kumkashifu Sultani au kupinga mamlaka yake ni kosa la jinai la kwenda jela miaka, na mtandaoni inahesabika. Anayekwenda ofisini na karatasi yake atasikilizwa, anayewasha laivu na kutukana atajuta. Mwambie dogo hilo kabla hata ya kumwambia habari za joto.

Twende kwenye Iran. Jirani anasema kibaraka. Chukua ramani, angalia juu kabisa kwenye ncha ya Rasi ya Arabia, kuna kipande kinaitwa Musandam, ni cha Oman lakini kimekatwa na Emirati, nchi yenye Dubai, hakijashikana na Oman yenyewe. Kipande hicho kinatazamana na Iran, na katikati ndio Mlango wa Hormuz, pale pembamba kabisa ni kama kilomita 33 tu, njia za meli zinapita upande wa maji ya Oman, na karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia inapita humo. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, kilomita 33, ana watu zaidi ya milioni 80 na wewe una milioni 5 ambao zaidi ya asilimia 40 ni wageni waliokuja kutafuta kazi kama mdogo wako, utamtukana?

Tena kuna deni la fadhila. Kwenye ile vita ya Dhofar aliyeleta askari maelfu kumsaidia Qaboos alikuwa Shah, mfalme wa Iran wakati ule. Shah akapinduliwa 1979, wakaja mashehe, Qaboos akaendelea nao vile vile kana kwamba kilichobadilika ni picha ukutani. Mwaka huo huo Waarabu karibu wote wanavunja uhusiano na Misri kwa kupatana na Israeli, Oman haikuvunja. Na mwaka uliofuata, 1980, Oman hiyo hiyo "kibaraka wa Iran" ikasaini mkataba wa kuwaruhusu Wamarekani kutumia viwanja vyake vya ndege na bandari! Waingereza nao wana kituo chao kwenye bandari ya Duqm mpaka leo. Kibaraka gani huyo anayempangisha chumba adui wa bwana wake.

Na Israeli? Waziri mkuu wao Rabin alikwenda Muscat 1994, Netanyahu naye akiwa waziri mkuu akaenda 2018. Halafu 2020 Emirati na Bahrain wanasaini mikataba ya kupatana na Israeli, watu wote wakajua anayefuata ni Oman, haikusaini. Yemen ilipoanza kupigwa 2015 na muungano wa Saudia, nchi za Baraza la Ushirikiano wa Ghuba ziliingia, Oman peke yake ikakaa nje. Qatar ilipowekewa vikwazo 2017, mizigo yake ikapitia bandari za Sohar na Salalah. Nadhani umeshaona mchezo, hawachagui upande, wanakaa kwenye njia ambayo pande zote lazima zipite, na hapo ndipo wanapopata heshima na biashara.

Ndio maana Wamarekani na Wairani walikutana kimya kimya Muscat 2012 na 2013, wakati hadharani wanatukanana, na kutoka hapo ukaja mkataba wa nyuklia wa 2015. Aprili 2025 wakarudi tena Muscat, waziri wa nje Badr al-Busaidi anabeba maneno kati yao. Mei mwaka huo Oman ikapatanisha Marekani na Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen. Mwezi Juni raundi ya sita ya mazungumzo ilikuwa ifanyike Muscat siku ya Jumapili, Ijumaa yake Israeli ikaishambulia Iran, kikao kikafa. Hapo unaona mpaka wa kazi hii, mpatanishi anaweza kuandaa meza na chai, hawezi kumshika mtu mkono asirushe bomu.

Kwa hiyo swali lako la vita nakujibu hivi: Oman haitafuti vita na ina marafiki pande zote, kwa hiyo kati ya nchi za Ghuba ni ya nafuu. Lakini Hormuz ikiwaka, utulivu wa Muscat haumlindi mtu aliyeko Sohar kwenye bandari na viwanda vikubwa, bandari ni bandari. Na utulivu wa ndani nao siyo ukuta: Julai 2024 watu wenye silaha walishambulia msikiti wa Mashia Wadi al-Kabir, Muscat, wakaua, na ikaja kujulikana ni Waomani wenyewe, ndugu watatu, nchi ilishikwa na bumbuwazi. Siwezi kukuahidi kitu. Naweza kukwambia tu kabla ya kupanda ndege asome habari za wiki ile, siyo za mwaka jana, na akifika ajiandikishe ubalozi wa Tanzania Muscat wiki ya kwanza, maana mambo yakiharibika anayetafutwa ni yule mwenye jina kwenye daftari.

Haya, kazi yenyewe. Hapa mabadiliko ya Haitham yanamgusa dogo moja kwa moja kuliko Shura na bahasha. Zamani ukitaka kuhama mwajiri ulihitaji barua ya mwajiri wa mwanzo kusema hana pingamizi, na hiyo barua ilikuwa rungu, mtu anafungwa mikono nayo. Tangu Januari 2021 mkataba ukiisha unaweza kuhamia kwingine bila hiyo barua. Sheria ya kazi ya 2023 imeweka saa 8 kwa siku, saa 40 kwa wiki, na mwajiri haruhusiwi kukaa na paspoti ya mfanyakazi bila yeye kukubali kwa maandishi. Lakini kumbuka viza bado inaning'inia kwa kafili, yule mdhamini, ukimtoroka katikati ya mkataba wewe ndiye unayevunja sheria. Na wasichana wa kazi za nyumbani hiyo sheria ya kazi haiwahusu, nalisema kwa sababu najua mtaani kwenu yupo anayesubiri simu ya wakala, asidhani sheria ya fundi wa kiwandani ndiyo yake.

Mimi ningekuwa kaka yake ningemwacha aende kwa sharti: mkataba uwe mkononi mwake kwa Kiarabu na kwa lugha anayoisoma, na atafute mtu wake mwenyewe anayejua Kiarabu asome ule wa Kiarabu, asitegemee mtu wa wakala, kwa sababu wakikosana huko mbele ni ule wa Kiarabu utakaoangaliwa. Kazi iliyoandikwa kwenye viza iwe kuchomelea, siyo "kibarua" wala "mkulima", kuna kazi zimefungiwa wageni na orodha inaongezeka kila mara kwa ajili ya kuwapa Waomani ajira, na anayekutwa anafanya kazi tofauti na viza anarudishwa. Mkataba upitie ofisi ya kazi ya serikali kabla ya kusaini. Wakala akikwambia "hiyo haina haja, tutamalizia huko huko", basi hapo hapo mwache, tena usimpe hata nauli ya bodaboda.

Akiwa kule, mshahara ukipita mwezi bila kuingia benki, au paspoti ikichukuliwa kwa "kutunziwa", au akipewa karatasi asaini asiyoielewa, asisubiri na wala asiandike mtandaoni. Apige simu ubalozini, aende ofisi ya Wizara ya Kazi akafungue lalamiko, na atunze picha za mkataba, risiti za benki na meseji zote, na wewe uwe na nakala Tanga. Sohar mpaka Muscat ni kama kilomita 200, kwa basi ni safari ya asubuhi.

Sasa bibi. Uraia wa Oman unakwenda kwa baba. Babu mzaa mama hampi dogo kitu moja kwa moja, hata kama huyo babu alikuwa sheikh wa Ibra nzima. Mlango ule wa miaka ya 70, wa kuja na jina la kabila na mashahidi wawili watatu wakakutambua, ulikuwa wa wakati ule, nchi ilikuwa inatafuta watu. Leo sheria mpya ya 2025 inamtaka mgeni awe amekaa miaka 15 mfululizo, na masharti mengine juu yake, na uamuzi bado ni wa wakubwa. Halafu Tanzania yenyewe haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hata angeupata angelazimika kuuacha wa kwetu. Na asije akajitia ofisini kule kusema "mimi Mwomani" akiwa na viza ya kazi, atajichanganyia mambo bure.

Ila mwenye hoja, kama ipo, ni mama yenu, kwa sababu yeye ndiye aliyezaliwa na baba Mwomani. Hilo haliamuliwi kwenye simu wala na mimi, linataka wakili wa Muscat aone karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mama, cha ndoa ya babu na bibi, paspoti ya zamani ya babu au barua yoyote yenye jina lake kamili mpaka la kabila. Muulize bibi lile sanduku la babu liko wapi, na kabla ya mvua.